Asiyekuwapo kwenye ramani ya simu na lake halipo

WAHENGA walinena kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi kauli hiyo iliwatosha wachuuzi wa sokoni, kwani mnunuzi aliyefika gengeni alijionea nyanya zilizoiva na akazipita zilizooza.

Siku hizi mnunuzi aghalabu huamua kabla ya kufika sokoni. Akiwa ndani ya matatu hutoa simu mfukoni, akaandika maneno machache kama vile "fundi wa viatu Kakamega" au "kinyozi karibu nami", kisha akafuata njia anayoelekezwa na ramani. Kizuri kisichoonekana kwenye kioo cha simu hiyo hakipati hata nafasi ya kujiuza.

Duka lililodumu mtaani miaka 20, lenye bidhaa halisi na bei nafuu, linaweza kupitwa na la jirani lililofunguliwa juzi kwa sababu moja tu: jirani alijisajili kwenye ramani ya intaneti na kujaza taarifa zake sawasawa, ilhali mwenyeji hakufanya hivyo, au alifanya nusunusu kisha akasahau.

La kutia moyo ni kwamba usajili huo haulipiwi. Unahitaji simu yenye intaneti, akaunti ya baruapepe na subira. La kutahadharisha ni kwamba kazi hiyo ikifanywa ovyo, au ikiachiwa matapeli, inaweza kumgharimu mfanyabiashara wateja, fedha na jina lake.

Majina mengi, huduma moja

Kampuni ya Google ilizindua ramani zake za intaneti, Google Maps, mnamo Februari 2005. Mwaka huohuo iliwafungulia wafanyabiashara mlango wa kuingiza taarifa zao wenyewe, na huduma hiyo ikaitwa Local Business Center.

Tangu hapo jina limebadilika mara kadhaa. Mwaka 2010 huduma ilipewa jina la Google Places, mwaka 2014 ikawa Google My Business, na Novemba 2021 ikaitwa Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara kwenye Google.

Mabadiliko hayo si ya jina pekee. Programu maalumu ya simu iliyotumiwa kusimamia wasifu iliondolewa mwaka 2022, na sasa mwenye biashara hurekebisha taarifa zake moja kwa moja ndani ya Google Maps au kwenye ukurasa wa kutafutia, baada ya kuingia kwa akaunti yake. Tovuti ndogo za bure ambazo wafanyabiashara walitengenezewa kupitia wasifu zilifungwa Machi 2024. Julai mwaka huo, huduma ya kuandikiana ujumbe na wateja ndani ya wasifu nayo ikasitishwa.

Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara anayefuata maelekezo ya zamani hutafuta vitufe ambavyo havipo tena. Aidha, aliyechapisha anwani ya ile tovuti ya bure kwenye kadi na mabango yake anawaelekeza wateja mahali pasipo na kitu.

Kenya ina kisa chake kuhusu uzito wa kuonekana kwenye ramani. Hadi mwaka 2009, mtaa wa Kibera jijini Nairobi ulikuwa doa tupu kwenye ramani nyingi za umma, licha ya kuwa na maelfu ya wakazi, shule, zahanati na maduka. Mwaka huo vijana wa mtaa huo, chini ya mradi wa Map Kibera, walizunguka na vifaa vya kunasa mahali kwa setilaiti na kuingiza vichochoro, vioski na visima vyao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap.

Funzo la kazi hiyo lingali hai. Ramani huonyesha kile ambacho mtu amejitolea kukiandika, na asiyejiandika huachwa nje au huandikwa na wengine, pengine kwa makosa.

Vigezo vitatu

Mtu anapotafuta huduma ya karibu, Google kwa kawaida humwonyesha ramani ndogo yenye biashara tatu juu ya matokeo mengine. Hadi Agosti 2015 zilikuwa saba. Kupunguzwa huko kulifanya ushindani kuwa mkali zaidi, kwani wengi hawajisumbui kufungua orodha ndefu iliyo nyuma ya hizo tatu.

Google yenyewe imeeleza kwamba mpangilio huo hutegemea mambo matatu makuu. La kwanza ni kuoana: je, biashara inatoa kile hasa kinachotafutwa? La pili ni umbali kati ya biashara na anayetafuta, au eneo alilolitaja. La tatu ni umashuhuri, ambao hupimwa kwa mambo kama vile wingi na ubora wa maoni ya wateja, na jinsi biashara inavyotajwa kwingine kwenye intaneti.

Umbali haubadiliki isipokuwa mtu ahamishe duka. Kwa hivyo jitihada zote za mfanyabiashara huelekezwa kwenye mambo mawili yaliyosalia: kueleza bayana anachofanya na kujijengea sifa.

Kampuni hiyo vilevile imesisitiza kwamba hakuna njia ya kuomba wala kulipia nafasi bora katika matokeo haya. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huwekwa alama kuwa ni matangazo na ni kitu tofauti. Anayepiga simu akidai kuwa ametumwa na Google, na kwamba kwa elfu kadhaa atalipandisha duka hadi nafasi ya kwanza, anauza kisichouzwa.

Kudai na kuthibitisha

Hatua ya kwanza ni kutafuta jina la biashara kwenye Google Maps kabla ya kuandika lolote. Wengi hushangaa kugundua kuwa duka lao tayari lipo, kwa kuwa ramani hupokea taarifa kutoka kwa wapita njia na vyanzo vingine. Likiwa lipo, mwenye duka hudai umiliki wake badala ya kuunda wasifu wa pili. Wasifu mbili za duka moja huwachanganya wateja na kugawanya maoni yao.

Iwapo mtu mwingine ameshaidhinishwa kuwa mmiliki, pengine mfanyakazi aliyeondoka zamani, kuna utaratibu wa kuomba umiliki. Anayeushikilia wasifu hupewa siku tatu kujibu. Akinyamaza, mwombaji huenda akapewa nafasi ya kuthibitisha kuwa biashara ni yake.

Uthibitisho wenyewe hufanywa kwa njia mbalimbali: simu, ujumbe mfupi, baruapepe au video. Mwombaji hajichagulii, huonyeshwa njia ambazo biashara yake imeruhusiwa kuzitumia. Zamani Google ilitegemea mno kadi iliyotumwa kwa posta, lakini siku hizi video imekuwa ya kawaida.

Video hiyo hurekodiwa mfululizo bila kukatwa, na huhitaji kuonyesha mambo matatu. Kwanza, mahali palipo biashara, mathalan barabara na majengo ya jirani. Pili, biashara yenyewe, kama vile bango, bidhaa na vifaa vya kazi. Tatu, thibitisho kwamba anayerekodi ana mamlaka pale, kwa mfano kufungua mlango kwa ufunguo au kuingia sehemu ambayo wateja hawaruhusiwi. Hakuna haja ya kuonyesha sura za watu, na si busara kunasa nyaraka za siri. Ukaguzi huweza kuchukua hadi siku tano za kazi.

Duka lisilo na bango hupata taabu hapa. Bango dogo lililochorwa vizuri, lenye jina lilelile lililoandikwa kwenye wasifu, huokoa muda mwingi.

Jina lisilotiwa chumvi

Kishawishi kikubwa ni kulirefusha jina. Duka linaloitwa "Baraka" hugeuzwa kuwa "Baraka Simu Bei Nafuu Fundi Bora Nairobi" kwa matumaini kwamba maneno hayo yatalivuta juu. Kanuni za Google zinataka jina liwe lile ambalo biashara inalitumia kwenye bango lake na kwa wateja wake. Anayekiuka anaweza kulazimishwa kulibadilisha, au wasifu wake ukasimamishwa, na kuurejesha huchukua muda ambao biashara haionekani.

Mahali halali pa kueleza kazi ni kwenye aina ya biashara. Google humruhusu mfanyabiashara kuchagua aina moja kuu na nyingine za ziada hadi tisa. Aina kuu ndiyo yenye uzito, kwa hivyo haina budi kuwa mahsusi.

Tazama Luthuli Avenue jijini Nairobi, barabara inayojulikana kwa vifaa vya elektroniki. Fundi anayetengeneza simu zilizovunjika kioo, akijisajili kama muuzaji wa vifaa vya elektroniki kwa jumla, atashindana na mamia ya maduka yanayouza televisheni na redio. Akichagua aina ya ukarabati wa simu kuwa ndiyo kuu, atashindana na mafundi wenzake pekee, na atafikiwa na mtu anayemhitaji yeye hasa.

Hali kadhalika, kuongeza aina ambazo biashara haizifanyi ni kujipalia makaa. Mteja anayefika akitafuta huduma isiyokuwapo huondoka kwa hasira, na hasira hiyo hubakia kwenye maoni kwa miaka.

Nafasi ya maelezo inabeba herufi zisizozidi 750. Humo mfanyabiashara hueleza anachofanya, tangu lini na kwa nani. Viunganishi vya tovuti na matangazo ya bei haviruhusiwi katika sehemu hiyo. Ni vyema kukumbuka kwamba Wakenya hutafuta kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa mchanganyiko wa lugha hizo. Maelezo yanayotumia maneno ambayo wateja wenyewe huyatamka dukani ndiyo yanayoeleweka.

Anwani bila nambari ya nyumba

Katika nchi ambazo kila nyumba ina nambari na kila barabara ina jina, kuandika anwani ni jambo jepesi. Nchini Kenya watu wengi wamezoea sanduku la posta, na wanapoelekezana hutaja alama: mkabala na kituo cha mafuta, nyuma ya msikiti, hatua chache kutoka jengo la Makavazi ya Kitaifa.

Google haikubali sanduku la posta kuwa anwani ya duka. Kwa hivyo alama inayowekwa kwenye ramani, ambayo wengi huiita pini, ndiyo anwani yenyewe. Pini iliyokosea kwa mita 200 tu inaweza kumpeleka mteja upande wa pili wa barabara kuu, au kumfikisha mwendeshaji wa bodaboda kwenye ukuta usio na lango.

Njia bora ya kuiweka ni mwenye duka kusimama mlangoni mwake, kuifungua ramani kwa mwonekano wa setilaiti na kuivuta pini hadi juu ya paa lake. Baadaye amwombe rafiki asiyelijua duka alifuate kwa simu kutoka kituo cha matatu. Rafiki huyo akipotea, wateja nao wanapotea.

Suala hili ni gumu zaidi katika majengo ya katikati ya jiji yaliyogawanywa kuwa vibanda vingi vidogo. Maduka 50 yanaweza kuwa na pini mahali pamoja, na umbali kwa anayetafuta ukawa ni uleule kwa wote. Hapo orofa na nambari ya kibanda ndizo zinazomfikisha mteja, na maoni, picha na uchaguzi wa aina ndivyo vinavyoweza kutofautisha duka moja na jingine.

Kwa mahali pasipo na jina la barabara, Google Maps ina misimbo mifupi ya herufi na tarakimu iitwayo Plus Codes, iliyoanza kutumika kwenye ramani hizo mwaka 2015. Kila kipande cha ardhi kina msimbo wake, kikiwa Lodwar au Lamu. Mfanyabiashara anaweza kuunakili na kuutuma kwa mteja au mwendeshaji wa bodaboda kwa ujumbe mfupi.

Fundi bomba, mpishi wa sherehe au mwosha mazulia anayewafuata wateja makwao hana haja ya kuonyesha anwani yake. Anatakiwa kuificha na badala yake kutaja maeneo anayohudumia, ambayo hayapaswi kuzidi 20. Google inashauri maeneo hayo yasivuke mwendo wa takriban saa mbili kwa gari kutoka anakotokea. Anayekaa Thika na kudai kuhudumia Mombasa, Kisumu na Garissa hajiongezei wateja, anajipunguzia kuaminika.

Saa za kazi

Kati ya taarifa zote, saa za kufungua na kufunga ndizo zinazopuuzwa zaidi, na ndizo zinazoumiza zaidi zikikosewa.

Chukulia mfano wa duka la dawa lililo katika mtaa wa Section 58 jijini Nakuru, ambalo hukaa wazi hadi saa sita usiku. Saa nne na nusu usiku, mzazi ambaye mtoto wake ana homa kali anatafuta kwa simu duka la dawa lililo wazi. Ikiwa mwenye duka aliziacha saa alizoziweka siku ya kwanza, yaani saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, simu ya mzazi itaonyesha kwamba duka limefungwa.

Taa zinawaka, mhudumu yupo na dawa zipo, lakini mzazi anapanda bodaboda kwenda mbali zaidi. Mwenye duka amepoteza mauzo ya usiku mmoja. Mzazi amepoteza muda ambao mgonjwa wake alikuwa akiuhitaji.

Kinyume chake ni kibaya vilevile. Duka linaloonyesha kuwa liko wazi saa 24 ilhali hufungwa saa tatu usiku humpeleka mtu gizani hadi kwenye kufuli.

Wasifu una sehemu ya saa maalumu kwa sikukuu. Siku kama Jamhuri, Desemba 12, hujulikana mapema na zinaweza kuandikwa wiki kadhaa kabla. Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hivyo mwenye duka hulazimika kuwa tayari kurekebisha usiku huohuo. Mikahawa ya Mombasa ambayo hubadilisha ratiba wakati wa Ramadhani inanufaika sana na sehemu hii, kwani wageni wa mji hawana njia nyingine ya kujua.

Picha na sheria

Picha ya kwanza yenye manufaa ni ya nje ya duka, iliyopigwa kutoka barabarani kama anavyoliona mtu anayekuja. Humsaidia mteja kutambua kuwa amefika. Zinazofuata ni za ndani, za bidhaa na za kazi iliyokamilika: kabati lililotengenezwa na seremala mwenyewe, au nywele zilizosukwa katika saluni hiyo. Picha zilizonakiliwa kutoka intaneti humfanya mteja aone kitu kimoja kwenye simu na akute kingine dukani.

Mfanyabiashara anapaswa kukumbuka Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sura ya mteja inayotambulika ni taarifa yake binafsi, na kuitumia kwa matangazo bila idhini yake kunaweza kuzua kesi. Kwa watoto, idhini ya mzazi au mlezi ni ya lazima. Salama zaidi ni kupiga picha ya kazi bila sura ya mtu.

Nyota za wateja

Maoni ya wateja, yanayoambatana na nyota moja hadi tano, ndiyo mizani ya umashuhuri. Pia ndiyo yanayosomwa na mtu anayesitasita kati ya maduka mawili.

Kumwomba mteja aandike maoni si kosa. Wasifu hutoa kiunganishi na msimbo wa mraba ambao mwenye duka anaweza kuuchapisha na kuubandika mezani. Wakati mwafaka wa kuomba ni pale kazi inapokamilika na mteja akiwa ametabasamu, si wiki mbili baadaye.

Kinachokatazwa ni kununua maoni, kutoa punguzo au zawadi ili yaandikwe, au kuwazuia walioudhika huku wakihimizwa walioridhika peke yao. Vilevile haifai mmiliki na wafanyakazi wake kujisifu kwa akaunti zao wenyewe. Maoni 30 yanayomiminika siku moja, yote yakiwa na nyota tano na maneno yanayofanana, hayamdanganyi msomaji makini.

Duniani kote vita dhidi ya maoni ya uongo vimepamba moto. Nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara inayopiga marufuku maoni hayo ilianza kutekelezwa Oktoba 2024. Januari 2025, mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilitangaza kwamba Google imekubali kuchukua hatua kali zaidi, zikiwemo kuweka onyo kwenye wasifu za biashara zilizonufaika kwa hila hiyo. Nchini Kenya, Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza kumhadaa mnunuzi kwa madai ya uongo.

Maoni mabaya yatakuja hata kwa duka jema. Jibu huandikwa kwa ajili ya mamia watakaolisoma baadaye, si kwa mlalamishi pekee. Jibu zuri ni fupi: linakiri kilichotokea, linaomba radhi inapostahili, linaeleza kilichorekebishwa na kumwalika mteja apige simu. Matusi ya mteja mmoja husahaulika, lakini matusi ya mwenye duka hubakia yakimshuhudia.

Katika biashara za afya tahadhari ni kubwa zaidi. Mwenye lile duka la dawa la Nakuru akilaumiwa hadharani, hana ruhusa ya kujitetea kwa kutaja ugonjwa wa mteja au dawa aliyonunua. Siri hiyo haifutiki kwa kuwa mteja ameanza ugomvi.

Mitego

Ramani iko wazi kwa umma. Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko: kwamba duka limehama, limefungwa kabisa au lina nambari nyingine ya simu. Pendekezo la mtu mwema husaidia. La mshindani au tapeli linaweza kuhamisha wateja wote.

Hatari kubwa ni nambari ya simu kubadilishwa. Mteja hupiga akiamini anazungumza na duka analolijua, hutakiwa kutuma malipo ya awali kwa M-Pesa, na fedha zikaingia kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo mwenye duka anashauriwa kuufungua wasifu wake angalau mara moja kwa wiki, kuipiga nambari iliyopo na kuhakikisha kuwa simu inayolia ni yake. Kuwahimiza wateja walipe kwa nambari ya biashara iliyobandikwa dukani, na kulinganisha jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo, ni kinga ya ziada.

Mtego mwingine ni wa ndani. Wafanyabiashara wengi humwachia kijana mwenye ujuzi wa tarakilishi afungue wasifu kwa baruapepe yake mwenyewe. Kijana huyo akiondoka, hasa kwa ugomvi, huondoka na funguo. Utaratibu sahihi ni mmiliki kushikilia umiliki mkuu kwa akaunti yake, kisha kumwongeza msaidizi kama msimamizi ambaye anaweza kuondolewa wakati wowote. Nenosiri halipaswi kugawanywa, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Aliyeingiliwa akaunti yake ana pa kukimbilia, kwani Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inaharamisha kuingia bila idhini.

Kupima matokeo

Mali bila daftari hupotea bila habari, na usemi huo unahusu hata mali isiyoshikika. Wasifu humwonyesha mwenye duka idadi ya waliopiga simu kupitia humo, walioomba kuelekezwa njia na waliofungua tovuti yake, pamoja na maneno waliyoyatumia kumtafuta.

Maneno hayo ni hazina. Saluni ikigundua kwamba wengi huifikia kwa kutafuta huduma za maharusi, ilhali haijapakia hata picha moja ya bibi harusi, imeshajua pa kuanzia. Takwimu hizo zilinganishwe na swali la kale linaloulizwa kaunta: mteja alitufahamu vipi?

Jina, mahali na nambari ya simu vinapaswa kufanana kote biashara inakotajwa, iwe ni kwenye Facebook, tovuti au kadi. Google nayo si ramani pekee. Microsoft ina orodha yake iitwayo Bing Places, na Apple ilifungua huduma ya aina hiyo kwa watumiaji wa simu zake Januari 2023. Anayeandaa taarifa zake mara moja kwa uangalifu anaweza kuzitumia kwote.

Hakuna usajili unaotibu huduma mbovu. Ramani humfikisha mteja mlangoni. Kumkaribisha, kumuuzia kwa haki na kumfanya arudi ni kazi ya mwenye duka. Lakini kazi hiyo haianzi ikiwa mlango wenyewe haujulikani ulipo, wala ikiwa simu inasema umefungwa wakati mhudumu ameketi ndani akisubiri.